UZI: Ligi kubwa zimeacha kuwafungia wachezaji kwa sababu ya bangi. Na sisi huku Lubumbashi tunasemaje?

Mwana_Kamalondo
Jambo yenu bandugu. Mimi nafundisha vijana mpira katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, na jambo hili nimelibeba moyoni kwa muda. Leo nalitua hapa tulipime pamoja.

Ligi kubwa za Marekani zimegeuza msimamo juu ya bangi. Besiboli ilitangulia: Desemba 2019 MLB iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya zinazomtia mchezaji hatiani. NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ikafuata mwaka 2020. Mkataba mpya kati ya ligi na chama cha wachezaji ulifuta adhabu ya kukosa mechi kwa kipimo cha bangi, zikabaki faini, na kiwango kinachohesabiwa kuwa kosa kikapandishwa kutoka nanogramu 35 hadi 150 kwa mililita ya mkojo. Desemba 2024 wakakipandisha tena, kikafika 350. NBA, ligi ya mpira wa kikapu, nayo ilisimamisha upimaji wa kushtukiza mwaka 2020 wakati wa korona, na mkataba wa 2023 ukaiondoa bangi kabisa kwenye makatazo.

Mpira wetu uko chini ya FIFA na CAF, nao wanafuata sheria za WADA, shirika la dunia linalopiga vita dawa za kuongeza nguvu michezoni. WADA bado inakataza bangi siku ya mashindano.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusipoteze muda kubahatisha. Mchezaji mtu mzima aliyevuta nyumbani kwake wakati wa likizo asifungiwe hata siku moja. Aliyeingia uwanjani kichwa kimelewa, huyo atolewe, maana anaweza kumvunja mwenzake mguu. Haya ni makosa mawili tofauti, na sheria isiyoyatenganisha inaonea watu.

Mfano ni Sha'Carri Richardson, mkimbiaji wa Marekani. Juni 2021, kule Eugene, Oregon, alishinda mita 100 kwa sekunde 10.86 na kupata nafasi ya kwenda Olimpiki ya Tokyo. Siku zile alikuwa amepokea habari za kifo cha mama yake mzazi, akavuta. Oregon bangi ni halali kwa mtu mzima. Mkojo wake ulionyesha, akafungiwa mwezi 1, Tokyo ikampita. Miaka miwili baadaye, Budapest 2023, alikuwa bingwa wa dunia kwa sekunde 10.65. Niambieni, ile adhabu ya 2021 ilimlinda nani?

Karibuni. Kila mtu aseme lake, tuheshimiane.

Mama_Katuba
Kocha, nakusalimu kwa heshima, lakini sikubaliani nawe hata kidogo.

Mimi mwanangu ana miaka 16. Anacheza mpira kila jioni, na kila akirudi namnusa nguo kabla sijampa chakula. Sifanyi hivyo kwa kupenda. Mtaani kwetu bangi iko karibu kuliko maji ya bomba. Mtoto akisikia kwamba wale anaowabandika ukutani wameruhusiwa, mimi nitamwambia nini? Wewe unasema "mtu mzima, nyumbani kwake, wakati wa likizo". Maneno hayo yote yatapotea njiani. Litakalomfikia yeye ni moja tu: wameruhusiwa.

Hao wa Amerika wana daktari wa goti, daktari wa mgongo, mtu wa kuwasikiliza wakiwa na huzuni. Wakipotea kuna wa kuwarudisha. Mwanangu akipotea ana mimi peke yangu.

Mzee_Cheminot
Mama amesema kweli. Mimi ni shabiki wa klabu ya Lupopo tangu utoto, na nasema wazi kuwa jezi ina heshima yake. Ukiivaa, unabeba maelfu ya watu waliolala njaa ili wanunue tiketi. Mtu kama huyo hana likizo. Mababu zetu hawakujua ujinga huu wa bangi, tumeletewa.

Njia_ya_Kananga
Papa, hapo kwa mababu naomba nikurekebishe kwa adabu. Kule Kasai, wasafiri Wajerumani Wissmann na Pogge walipofika mwaka 1881 walikuta watu wa chifu Kalamba Mukenge wakijiita Bena Diamba, yaani watu wa bangi. Walikuwa wamechoma dawa zao za zamani na kuifanya bangi kuwa alama ya amani na undugu. Basi ilikuwepo hata kabla ya Wabelgiji kuikataza.

Mzee_Cheminot
Aksanti mwanangu, nimelipokea. Lakini hao walivuta pamoja, mbele ya wakubwa, kwa jambo maalum. Kijana anayejificha nyuma ya ukuta wa uwanja hafanyi jambo la Kalamba. Na tusiende mbali sana na mpira.

Kwa mpira wenyewe nikumbushe jambo ambalo vijana hamlijui. Fabien Barthez na Bernard Lama, makipa wa Ufaransa, wote wawili walifungiwa katika miaka ya 1990 kwa kupatikana na bangi. Wote wawili walikuwemo katika kikosi kilichochukua Kombe la Dunia 1998. Walitumikia adhabu, wakanyooka, wakarudi. Mimi naona adhabu ile iliwasaidia. Kocha anaposema ifutwe, ananiondolea ile fimbo iliyowanyoosha.

Mwana_Kamalondo
Papa, mfano wako naupenda, ila mimi nausoma kwa upande wa pili. Barthez alikuwa na klabu iliyomngoja, mshahara, na nchi iliyomtaka golini. Miezi yake ya kufungiwa ilipita akiwa amelala kitandani kwake. Kijana wa Ruashi akifungiwa miezi mitatu, klabu inamsahau, anaingia kuchimba kwenye karyeri, na mguu ule hauturudii tena. Adhabu ileile ni kofi kwa mmoja na kifo cha kazi kwa mwingine.

Mama Katuba, nakujibu usiku huu nikitoka mazoezini. Hoja yako ni nzito, sitaki niijibu mbiombio.

Namba6
Swali kwa wanaojua. Kama mtu alivuta wiki mbili kabla ya mechi, mkojo utamsaliti?

Avoka_Kampemba
Ndugu Namba6, hapa watu wengi wanachanganya, basi nitaeleza taratibu.

Kwa sheria ya WADA, bangi haikatazwi nje ya mashindano. Inakatazwa ndani ya mashindano tu, na mashindano yanaanza kuhesabiwa saa 5:59 usiku wa kuamkia mechi hadi vipimo vya baada ya mechi viishe. Tatizo ni kwamba THC, ile kemikali inayolevya, hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Ndiyo maana mwaka 2013 WADA ilipandisha kiwango kutoka nanogramu 15 hadi 150, ili wasiwanase waliovuta zamani. Kwa hiyo aliyevuta mara moja wiki mbili nyuma ana nafasi kubwa ya kupita. Anayevuta kila siku asijidanganye.

Tangu 2021 adhabu nayo imelegezwa. Ukithibitisha kwamba ulitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya kuongeza uwezo, unafungiwa miezi 3. Ukikubali kupitia matibabu, unashuka hadi mwezi 1. Ndiyo maana Sha'Carri alipata mwezi 1. Kocha, lile tofautisho unalolitaka kwa sehemu kubwa limo tayari. Kilichobaki ni kile kipimo ambacho hakiwezi kusema ulivuta jana au mwezi jana.

Na msisahau sheria ya nchi. Hapa Kongo bangi ni kosa la jinai. NBA ilibadilika wakati majimbo zaidi ya 20 ya Marekani yamehalalisha matumizi ya watu wazima. Zambia, hapo ng'ambo ya Kasumbalesa, ilipitisha sheria mwaka 2021, lakini ni ya kulima kwa leseni, kwa dawa na biashara ya nje, si ya kuvuta. Ligi yetu haiwezi kumruhusu mchezaji kitu ambacho polisi watamkamatia getini.

Nyiragongo_Basket
Salamu kutoka Goma. Upande wetu wa mpira wa kikapu suala hili linagusa moja kwa moja. Jonathan Kuminga ametoka hapa Goma akachukua ubingwa wa NBA na timu ya Golden State 2022. Bismack Biyombo ni wa kwenu Lubumbashi. Simsemi yeyote kwa ubaya, nataka kuonyesha jinsi sheria zilivyopishana tu. Mcongomani akiwa NBA hapimwi bangi. Akiitwa timu ya taifa kwa AfroBasket, mashindano ya Afrika, anaingia chini ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na FIBA inafuata WADA. Anaweza kuwa halali Jumatatu na mwenye kosa Jumamosi, bila kubadili chochote maishani mwake. Nani anawaelezea vijana hawa?

Na hata NBA hawakuacha mlango wazi kama watu wanavyodhani. Timu ikiwa na sababu ya kuamini kuwa mchezaji amekuja kazini amelewa, au amekuwa mtumwa wa bangi, inaweza kumpeleka kwenye uchunguzi na matibabu.

Mwana_Kamalondo
Nyiragongo, hilo ndilo ninalolitaka mimi: mtu apelekwe kwa daktari kabla ya kupelekwa kwa hakimu.

Kine_Ruashi
Nimesoma tangu juu, na naona mnazunguka nje ya kidonda. Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, nashughulika na miguu ya wachezaji kila siku. Nitasema kwa urefu, mnivumilie.

Kwa nini besiboli ilitangulia kubadilika? Julai 2019 Tyler Skaggs, mrushaji wa Los Angeles Angels, mwenye miaka 27, alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli Texas. Mwilini mwake kulikuwa na pombe, oksikodoni na fentanili, yaani dawa kali za maumivu. Miezi michache baadaye, katika makubaliano yaleyale yaliyoitoa bangi, ligi ilianza kupima dawa hizo. Walikuwa wanakimbiza moshi wakati sumu iko mfukoni kwenye karatasi ya vidonge.

Sasa njooni kwetu. Mchezaji ana goti limevimba Ijumaa, mechi ni Jumapili. Hana daktari, hana picha ya goti, kocha anamtaka. Anafanya nini? Anaenda farmasi ya mtaa, ananunua tramadol, dawa kali ya maumivu, bila karatasi ya daktari, kwa bei ya kinywaji. Anacheza. Wiki inayofuata anahitaji vidonge viwili. Nimewashika kwa mikono yangu vijana wanaotetemeka wakizikosa, na wote waliniambia hawajawahi kugusa bangi, kwa fahari kabisa.

Msikilize hapa vizuri, hasa wewe Namba6. Tangu tarehe 1 Januari 2024 tramadol imo kwenye makatazo ya WADA siku ya mashindano. Mchezo wa baiskeli uliikataza tangu 2019. Na tramadol haimo katika lile kundi lililolegezewa adhabu. Bangi imo, kokeini imo, heroini imo, tramadol haimo. Maana yake kijana aliyevuta kwenye sherehe anaweza kupata mwezi 1, na kijana aliyemeza kidonge ili asaidie timu yake anaweza kupata miaka 2, na 4 ikithibitishwa kuwa alikusudia kudanganya. Anaweza kujitetea ipunguzwe, lakini kujitetea kunataka avoka na pesa.

Je, bangi yenyewe inasaidia maumivu? Mwaka 2017 chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani kilipitia tafiti nyingi na kukuta ushahidi mzito kwamba inapunguza maumivu ya muda mrefu kwa watu wazima. Kwa mtoto ambaye ubongo haujakomaa ni hatari, na moshi ni moshi, mapafu hayaulizi umetoka wapi. Mchezaji anayeishi kwa pumzi kuvuta chochote ni hasara. Mama Katuba, endelea kumnusa. Ila mkague na mifuko.

Mama_Katuba
Kine, umenitisha. Hiyo tramadol si ile ya rangi mbili wanayouza vijana kituo cha basi?

Kine_Ruashi
Ndiyo hiyo mama, inakuja pia kwa rangi na maumbo mengine. Usiangalie rangi, soma jina kwenye karatasi.

Mzee_Cheminot
Kine, nimekuelewa na nakushukuru. Lakini kuwepo kwa mwizi mkubwa hakumfanyi mdogo kuwa mtu mwema. WADA wenyewe waliitazama bangi upya baada ya kelele za Sha'Carri, na Septemba 2022 wakasema inabaki. Kwa nini?

Avoka_Kampemba
Papa, kitu hukatazwa kikitimiza mambo mawili kati ya matatu: kuongeza uwezo, kudhuru afya, kuvunja moyo wa michezo. Wataalamu wao walikiri kuwa ushahidi wa bangi kuongeza nguvu za mwili haupo, ila hawakuweza kuondoa uwezekano kwamba inampa mtu utulivu fulani kichwani. Waliibakiza kwa afya na kwa moyo wa michezo. Mimi hiyo ya tatu inanisumbua kama mwanasheria, kwa kuwa inapimwa kwa macho ya anayepima. Kwa kigezo hicho bia ingefungiwa kabla ya bangi, na bia tunaiona kwenye mabango ya viwanja.

Mzee_Cheminot
Hapo kwa bia sina jibu. Naendelea kukataa bangi, lakini sina jibu.

Namba6
Mimi ni mchezaji, nacheza daraja la chini hapa mjini. Sikutaka kusema, lakini Kine amesema hali yangu.

Sivuti. Vidonge nilianza msimu uliopita kwa ajili ya kifundo. Hakuna aliyeniambia kuna orodha. Kwenye timu tunaambiwa "msivute bangi", basi, kila mwaka, kwa sauti kubwa. Dawa za maumivu tunapewa na mtu wa timu mwenyewe chumbani, bila kutajiwa jina lake. Nikipimwa leo nimekwisha, na nilidhani mimi ndiye kijana mzuri.

Mama_Katuba
Mwanangu, usiogope. Umefanya vema kusema. Usiziache ghafla peke yako, muone Kine au nenda lopitali wakuangalie.

Mwana_Kamalondo
Namba6, mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Mama amekwambia sawa.

Sasa nimjibu Mama Katuba kama nilivyoahidi. Mama, nakubali kwamba kijana wa miaka 16 hasikii "likizo" wala "mtu mzima". Kwa hiyo kwa timu za vijana mimi mwenyewe siruhusu na sitaruhusu. Anayevuta simfukuzi, namwita na mzazi wake, tunakaa watatu. Nikimfukuza namkabidhi kwa walewale waliompa. Lakini mchezaji wa miaka 27 mwenye watoto nyumbani simwekei sheria ya mtoto ili mtoto asikose mfano. Mfano wa mtoto wangu ni mimi na wewe.

Na kuna jambo nimelipata humu ambalo sikuja nalo. Zile ligi hazikulegeza kwa huruma. Kila badiliko nililolitaja hapo juu lilipitia mezani: chama cha wachezaji upande huu, wenye ligi upande ule, wakabishana, wakaandika. Mchezaji alisema anaumwa wapi na anameza nini. Huku kwetu sheria inashuka kutoka Montreal kwa WADA hadi Zurich kwa FIFA hadi Cairo kwa CAF hadi Kinshasa, ikifika chumba cha kubadilishia nguo imebaki sentensi moja: msivute. Tramadol imepotelea njiani. Mimi nitaendelea kutaka bangi ya likizo isimfungie mtu, na nitaanza kutaka kwa nguvu zaidi kwamba mchezaji ajue jina la kila kidonge anachopewa, na awe na haki ya kukikataa bila kupoteza namba.

Avoka_Kampemba
Hilo la kukataa bila kupoteza namba liwekwe kwenye mkataba. Ni sentensi moja. Mchezaji yeyote anayesaini msimu huu aniletee karatasi, nitaisoma bure na kuandika hiyo sentensi. Wenye klabu wengine watakasirika, wengine watashukuru, maana klabu nayo inaingia matatani mtu wake akipatikana.

Nyiragongo_Basket
Avoka, sisi wa Goma tutumie hiyo sentensi humuhumu kwenye uzi. Makocha wa kikapu wataichukua.

Kine_Ruashi
Kocha, Jumamosi hii saa 9 mchana nitakuja uwanjani kwako Kenya na orodha ya mwaka huu, nimeitafsiri majina yanayouzwa kwenye farmasi zetu. Wambie waje na vidonge vyao, hata vile wanavyoviona vya kawaida. Sitauliza nani kavileta. Na nitawaambia pia habari za serumu: dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa isipokuwa kwa matibabu ya lopitali, na vijana wetu wanawekewa hata kwa uchovu tu.

Mama_Katuba
Na sisi wazazi tunaruhusiwa kuja?

Mwana_Kamalondo
Njooni mama, wote. Uwanja uko nyuma ya soko, ukiuliza vijana watakuonyesha. Namba6, na wewe uje. Ukitaka kuja saa 8, kabla ya wengine, Kine na mimi tutakuwa tumefika.

Namba6
Nitakuja saa 8.